Darasa la Kiingereza la jioni, Ngamiani: neno 'box' peke yake limenitosha

Mimi ni karani wa mizigo bandarini Tanga. Mwaka jana baharia mmoja aliniulizia 'box' mbili, nikahangaika ghalani kutafuta katoni, kumbe alitaka makontena mawili, yale ya futi 20. Jambo lile liliniuma. Ndipo nikajiunga na darasa hili, uani kwa mwalimu mstaafu, shilingi 2,000 kwa jioni.

Bibi huyu anajua kufundisha, nasema kwa dhati. Aliweka boksi la sabuni mezani, akatufungulia neno hilo moja hadi adhana ya Isha. Kwenye fomu ni kile kijumba cha kutia alama ya vema. Kwenye anwani ndilo sanduku letu la posta. Mpirani ni lile eneo la kumi na nane, mbele ya goli. Likiwa kitenzi, ni kupigana ngumi. Tena upo mti wenye jina hilo, mbao zake ngumu, za manjano, zikichongwa visanduku tangu kale; chombo kimerithi jina la mti! Kilichonigusa zaidi ni tarehe 26 Desemba, 'Boxing Day'. Miaka yote niliamini ni sikukuu ya mabondia, kumbe huko Uingereza watumishi walikuwa wakipewa maboksi ya zawadi baada ya Krismasi.

Kasoro ipo: taa ni moja, wa nyuma hawaoni ubao, na mvua ikinyesha tunatawanyika. Mwalimu wetu, shikamoo, tunakuomba turubai. Tuko tayari kuchanga.

Mwezi ujao nimeshalipia. Jumatatu tunaanza 'bucket'.