Kikundi cha kusaidia wanaouguza nyumbani, Kadutu, Bukavu: kinafaa, ila saa zake!

Bora kuliko vyote ni zamu. Jirani aliyefundishwa hukaa na mgonjwa Jumanne na Ijumaa, nusu siku, ili anayemuuguza aende sokoni, au alale tu.

Mafunzo ni ya mikono. Mgonjwa asiyeinuka anageuzwa kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulalia. Kitenge kilichokunjwa kinawekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kosa la kila siku ni kumburuta juu ya shuka badala ya kumwinua watu wawili: ngozi inachubuka, kidonda kinaanzia hapo. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu, papasa. Pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, mgonjwa asilalie tena upande huo.

Kasoro? Mafunzo huanza saa 3 asubuhi, watoto wanaouguza bibi zao wakiwa shuleni. Na ndio hao hao wanaopandisha bidoni (madumu) za maji za lita 20 kwenye vilima vya Kadutu! Likelemba ya kikundi (mchango wa kupeana pesa kwa zamu) nayo inawaacha nje, hawana franga za kuingilia.

Kujiandikisha ni kupitia shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa). Glavu na sabuni, njoo na zako.