TAHADHARI: Dawa ya chupa ya "infeksio" inayozungushwa Bukavu

Mama zetu na dada zetu wa Bukavu, na nyinyi waume mnaotumwa kuinunua: kuna dawa ya kunywa ya "infeksio", yaani magonjwa ya mkojo na ya sehemu za siri, inayouzwa kwa mkono, kutoka Kadutu hadi Nyawera, na kwenye vikundi vya WhatsApp. Inakuja katika chupa ya maji iliyotumika. Haina jina la aliyeitengeneza, haina tarehe, wala haitaji majani yaliyomo. Msiinunue.

Angalieni muuzaji anavyowavuta watu. Anakuambia uache mkojo ndani ya glasi usiku kucha, asubuhi anakuonyesha wingu jeupe chini: "Uchafu wako huu." Si uchafu. Mkojo ukipoa, chumvi zilizoyeyuka ndani yake hushikana na kuzama, na mikrobe za ngozi zilizoingia humo huzaana kwa saa chache. Mkojo wa muuzaji mwenyewe unaweza kutoa wingu lile lile.

Ukishakunywa, mkojo unageuka kijani, bluu au rangi ya chungwa, naye anasema ugonjwa unatoka. Kwa kawaida majani ya kuchemsha hayafanyi hivyo. Bluu ya metileni, rangi ya kemikali, ndiyo hugeuza mkojo kijani au bluu. Rangi ya chungwa kali inaweza kuwa kazi ya fenazopiridini, dawa ya kutuliza maumivu ya mkojo, na hiyo ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa sababu moto wa kukojoa unapoa kweli. Mama anafurahi, anamwambia jirani yake, chupa nyingine inanunuliwa. Lakini mikrobe ziko palepale. Mara nyingi ni Escherichia coli kutoka utumboni, na mfereji wa mkojo wa mwanamke una sentimeta 4 hivi tu, kwa hiyo kufika kibofuni si safari ndefu. Kutoka kibofuni zinapanda figoni huku maumivu yamenyamazishwa. Tena bluu ya metileni na fenazopiridini zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, hali isiyo ngeni kwenye maeneo ya malaria.

Wengine husaga vidonge vya antibiotiki na kuvichanganya humo. Dozi haijulikani: mikrobe dhaifu zinakufa, ngumu zinabaki, na ukienda labo siku ile kipimo kinaweza kutoka safi wakati ungali mgonjwa.

Na hili neno "infeksio" tunalitumia kwa kila kitu: kibofu, uchafu wa ukeni, kisonono. Muuzaji anapenda hivyo, chupa moja inatibu vyote. Akikupa na maji ya majani ya kujisafishia ndani, kataa kabisa. Yanaua bakteria wazuri wanaolinda uke, na E. coli inapata nafasi.

Hatusemi miti shamba yote ni uongo. Chai ya ndevu za mahindi husemwa inaongeza mkojo kidogo, basi. Matunda ya cranberry yanapunguza kurudi kwa ugonjwa kwa baadhi ya wanawake, ulioanza hayautibu. Maji yana nguvu kuliko watu wanavyodhani: utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba wanawake wasiozoea kunywa maji ya kutosha, wakiongeza lita 1.5 kwa siku, ugonjwa uliwarudia mara chache zaidi. Hiyo ni kinga.

Kipimo cha kweli ni hiki. Kaa saa 4 bila kukojoa, kwa sababu bandeleti, kile kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo, inatafuta nitriti, kemikali inayotengenezwa na mikrobe, nazo zinahitaji muda kuitengeneza. Nawa kwa maji, acha mkojo wa kwanza uende, kinga wa katikati ndani ya kichupa cha labo, ufike ndani ya saa 2. Kama ugonjwa unarudi-rudi, omba ECBU, kipimo cha kuotesha mikrobe za mkojo, pamoja na antibiogramu, inayoonyesha antibiotiki ipi inaziua. Majibu huchukua siku 2 au 3.

Ukiona homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mimba asingoje dalili hizo: mikrobe kwenye mkojo, hata bila maumivu, zinaweza kupanda figoni na kuleta uchungu kabla ya miezi kutimia.

Aliyekwisha kunywa aende kituo cha afya na chupa yenyewe, hata kama limebaki tone, aseme alianza siku gani na mkojo ulikuwa na rangi gani. Asione haya. Muuguzi akijua hayo, atajua namna ya kusoma kipimo.