Skana ya bei poa na mstari kwenye pua ya bibi

Nyota nilizoipa mashine hii msizishike sana. Nimezibadilisha mara tatu tangu nianze kuandika, na sijamaliza.

Nilinunua skana ndogo ya kuvuta, ile unayoilisha karatasi juu ikaitoa chini, kwa ajili ya kazi zangu za nyumbani. Risiti, mikataba, barua, makaratasi yaliyojaza droo mpaka ikakataa kufunga. Kwa kazi hiyo sina neno nayo. Inasoma mbele na nyuma kwa mpigo mmoja, na maandishi yaliyomo kwenye faili yanatafutika, kwa hiyo nikitaka risiti ya betri naandika "betri" na yenyewe inakuja. Droo sasa inafunga kwa kidole kimoja. Siku za mwanzo niliisifia kwa kila aliyeingia ndani, hata ambaye hakuuliza.

Basi nikanogewa. Nikasema, ikiwa mikataba inaimeza hivi, picha zitaishindaje?

Shangazi alikuwa amekuja kututembelea, kabeba boksi la viatu lililojaa picha pamoja na albamu moja kuukuu. Ndani ya albamu hiyo ndimo ilimo picha ya bibi akiwa msichana, yeye na baba yangu mchanga mapajani. Ni ndogo kama kiganja. Picha nyingine zote za bibi tulizonazo ni za uzeeni, hii tu ndiyo inayoonyesha kwamba naye aliwahi kuwa na mashavu.

Albamu yenyewe ni zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu yake. Anayezijua anajua shida yake: miaka ikipita, picha inashikana na ukurasa kama imezaliwa nao. Nilizibandua kwa uzi wa kusafishia meno, unaupitisha chini ya picha taratibu kama mtu anayekata kipande cha sabuni. Hakuna hata moja iliyochanika, na hilo najisifia. Nilichokosea ni kuzirundika moja juu ya nyingine zikisubiri zamu.

Usiku mmoja, mpaka kuku wanaanza kuwika, picha karibu 300 zikapita. Niliweka nukta 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikisomwa hivyo inakupa pikseli 2,400 kwa 3,600, inatosha kuikuza mara mbili na kuitundika ukutani. Hizo namba kubwa za kutisha zilizoandikwa kwenye boksi la mashine msihangaike nazo, nyingi ni programu inabuni nukta katikati ya nukta. Asubuhi Shangazi akafunga mzigo wake akaenda zake, nami nikalala nikijiona fundi.

Siku mbili tatu baadaye nikazituma kwa ukoo mzima. Wa kwanza kupiga simu alikuwa yeye.

"Mwanangu, mbona umemchanja mama yangu pua?"

Nikafungua ile picha kwenye kompyuta, nikaikuza. Mstari. Mwembamba kama unywele, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, umeanzia kwenye mawingu, ukashuka kwenye kilemba, ukapasua pua ya bibi katikati, ukamalizia kwenye kidole gumba cha baba yangu. Nikafungua picha inayofuata, mstari. Inayofuata, mstari, mahali palepale. Harusi, mahafali, hata msibani, kote umo. Nikarudi mwanzo nikahesabu. Zile za kwenye boksi, ambazo nilitangulia nazo, zote safi. Mstari unaanza na picha ya pili ya albamu.

Hapo ndipo nilipowapigia waliouza mashine. Ninachoandika sasa naandika meno yameumana.

Nilimweleza kijana wa huduma kwa wateja kila kitu, kwa adabu, hata nikamwita kaka. Akanisikiliza kama mtu anayetafuna kitu. Akasema: "Picha za zamani huwa na mistari." Nikamwambia, kaka, hizi picha zimepigwa na kamera tofauti, watu tofauti, miaka tofauti, zitapataje mstari mmoja mahali pamoja? Kimya. Halafu akasema sentensi ambayo nimeikariri kama shairi: "Lakini mama, kwa bei ile ulitarajia nini?"

Nilitarajia nini! Nilitarajia pua ya bibi iwe nzima. Bei ile ni wao walioipanga. Kama kuna bei ambayo mtu akishalipa anapoteza haki ya kuuliza swali, iandikwe kwenye boksi, tena kwa herufi kubwa kuliko zile namba zao za uongo. Nikakata simu. Nikatoa nyota moja, kwa hasira, na nilitafuta namna ya kutoa nusu nikakosa.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Usiku ule usingizi ulinipaa, nikaifungua mashine kwa kurunzi ya simu. Ndani kuna kioo chembamba, upana wake kama rula ya shule, na juu ya kioo hicho kuna chembe ya manjano iliyoganda. Gundi. Ile ya albamu. Ilitoka mgongoni mwa picha moja ikashika uso wa picha ya chini yake, nayo ikaja kuiachia pale. Kwenye skana ya kulaza, ile yenye mfuniko, picha inatulia na jicho ndilo linalotembea, kwa hiyo chembe kama ile ingekuwa doa dogo tu pembeni. Hii ya kuvuta jicho limesimama na picha ndiyo inayopita. Kila kipande cha picha kinapita chini ya chembe ileile, na doa linageuka mstari tangu juu mpaka chini. Kitabu cha maelekezo, kwenye ukurasa nilioupita kwa dharau, kinasema wazi usipitishe karatasi yenye gundi.

Nikakifuta kwa kitambaa laini na tone la spiriti. Sekunde kumi. Nikapitisha picha yangu ya utotoni kujaribu, ikatoka safi kama maji.

Kwa hiyo mashine haina kosa? Haina. Nikairudishia nyota, nikafika nne. Lakini yule kijana je? Kazi yake ya kila siku ni mashine hizi. Mtu akimwambia mstari, mahali palepale, picha zote, jibu ni maneno mawili: futa kioo. Mawili! Alipata pumzi ya kunisimanga akakosa pumzi ya maneno mawili. Nikashusha tena ikawa mbili.

Halafu juzi nilikuwa nafuta yale mafaili meupe ya migongo ya picha, maana nilisahau kuzima kusoma pande mbili na yalikuwa yananiudhi. Nikafika kwenye mgongo wa picha ya bibi. Kumbe haukuwa mweupe. Kuna penseli iliyofifia, na nilipoongeza weusi kidogo kwenye programu ikasomeka: "Siku alipoota jino." Basi. Mwandiko wa babu, ile "j" yake yenye mkia mrefu naijua kwenye barua. Nilipoibandua ile picha nilikuwa na haraka, sikuigeuza. Mashine iliigeuza kwa niaba yangu, na upande ule hauna mstari wowote. Nilikaa na faili hilo muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Nikampigia Shangazi kumsomea. Alinyamaza, akacheka, akaniambia nisome tena. Nikaona hapa ndipo pa kuomba: Shangazi, niletee albamu niirudie, kioo nimeshakisafisha. Akasema, "Hapana, mwanangu. Mara ya kwanza umemchanja pua, mara ya pili utamtoboa macho."

Kwa hiyo picha za albamu nzima zimebaki na mstari wake, na bibi amebaki na chale ambayo hakuzaliwa nayo. Wenye makaratasi ya ofisini, nunueni bila wasiwasi. Wenye picha za albamu za gundi, tafuteni skana ya kulaza, hata iliyotumika. Mimi natoa nyota tatu. Ya nne ipo mkononi, nitaiweka siku yule kijana atakapompigia Shangazi akamwomba radhi yeye mwenyewe.