Beringi za spindo zimekwama: uoshe au ubadilishe?

Hewa ya chumvi ya Likoni haina huruma. Mashine yangu ya milingi, ya kuchonga chuma, ilikaa masika nzima bila kuguswa, spindo (mhimili unaozungusha kikata) ikaganda. Kuosha ni rahisi: mafuta ya taa, brashi, grisi mpya. Hufaa ikiwa grisi imekauka tu. Ila pitisha ukucha kwenye njia ya gololi. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, umeosha bure.

Mimi nilibadilisha. Beringi zangu ni namba 7206, tundu milimita 30. Dukani utapewa 6206, vipimo vyote sawa, bei nafuu. Ikatae, haihimili msukumo wa kufuata urefu wa shafti vilevile. Kisha pasha 7206 mpya kwenye oili hadi nyuzi 80 hivi, itateleza yenyewe kwenye shafti. Nyundo, kaa nayo mbali.