Mpango wa YES kwa kijana wa sekondari wa Dar: uzuri wake na panapokwamia

Nilipitia mpango wa YES (Youth Exchange and Study), ule wa kubadilishana wanafunzi na Marekani, nikiwa sekondari, na wazazi wa hapa mjini huniuliza kama ni kitu cha kuaminika. Ni cha kuaminika. Marekani iliuanzisha mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili wanafunzi kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakaishi na familia za huko na kusoma sekondari kwa mwaka mmoja wa masomo. Tiketi, bima na posho ndogo ya kila mwezi hulipwa na ufadhili. Kuomba ni bure. Mtu akikudai ada ya fomu, hata iwe elfu ishirini tu, achana naye.

Naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja naiondoa kwa jambo ambalo kwenye usaili halipewi uzito wake: kalenda ya shule.

Sisi tunaanza Januari, wao wanaanza Agosti. Aliyeondoka Agosti akiwa kidato cha tatu anarudi Juni, wenzake wako kidato cha nne na mtihani wa taifa ni Novemba. Baraza la Mitihani, NECTA, limeshasajili watahiniwa yeye akiwa nje, alama zake za maendeleo zina pengo, na mada za Hisabati na Kemia za mwaka mzima hajazigusa. Matokeo ya mwaka mmoja wa shule ya Marekani hayachukui nafasi ya cheti cha kidato cha nne. Kukimbizana na tuisheni miezi minne sishauri kabisa. Kubalianeni mapema, mzazi na mtoto, kwamba mwaka mmoja utasogea: Julai aingie muhula wa pili wa kidato cha tatu, aendelee pale pale alipoachia. Hilo lipatiwe barua ya mkuu wa shule yenye muhuri kabla ya safari, nakala moja ibaki kwa mwalimu wa taaluma. Ahadi ya mdomo huondoka na mkuu wa shule anapohamishwa.

Jambo la pili ni chanjo, na hapa kadi ya kliniki ya utotoni ni mali. Kila jimbo la Marekani lina orodha yake, na shule inaweza kumzuia mtoto asiye na ushahidi. Chanjo yetu ya kawaida ni ya surua na rubella. Wao wanataka na matubwitubwi, tena na tetekuwanga, ambayo haimo katika ratiba yetu ya watoto. Kadi ikipotea, mtoto atachomwa upya hata zile alizokwishapata. Kuna na kipimo cha kifua kikuu: aliyechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, yule mwenye kovu begani, anaweza kuvimba mkono kwenye kipimo cha ngozi ingawa ni mzima. Aombe kipimo cha damu, ambacho hakiathiriwi na BCG. Meno ayatibu huku huku, maana bima za namna hii kwa kawaida hazigusi meno ya kawaida wala miwani.

Pasipoti ianze mapema. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwenye karatasi za shule na kwenye pasipoti lilingane herufi kwa herufi. Mohamed wa huku na Mohammed wa kule ni watu wawili mbele ya fomu ya DS-2019, ile ya kuombea viza ya mpango huu, na marekebisho yake hula wiki ambazo huna.

Familia mwenyeji hailipwi, na watu wazima wa nyumba ile huchunguzwa rekodi zao za uhalifu kabla ya kupewa mtoto. Huchagui mji. Ila fomu yako husomwa, kwa hiyo andika wazi kama huli nguruwe, kama unafunga Ramadhani, kama unaogopa mbwa. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni adabu yetu wenyewe: mtoto amelelewa kungoja akaribishwe, basi anakaa chumbani na njaa huku wenyeji wakidhani hapendi chakula chao. Aseme. Friji ile na yeye ni yake. Simu za nyumbani nazo ziwekewe siku moja ya wiki. New York iko nyuma yetu saa nane wakati wa baridi, na anayekesha na kundi la familia la WhatsApp husinzia darasani. Mratibu wa mpango aliye huko lazima awasiliane naye kila mwezi, na kuomba kubadilishiwa familia si aibu.

Mzigoni: khanga doti mbili tatu, viungo vikavu vya pilau vilivyofungwa vizuri (nyama ya aina yoyote usibebe, utanyang'anywa), na nguo za baridi chache tu, koti zito anunue huko. Pasi ya huku aiache. Umeme wao ni volti 120, wetu 230, itapata uvuguvugu tu. Chaja ya simu haina shida, inahitaji kichwa cha plagi.

Kuendesha gari hairuhusiwi. Kuajiriwa pia, ila vibarua vidogo kama kulea watoto wa jirani au kukata majani vinaruhusiwa. Na mzazi aelewe sharti la miaka miwili: akisharudi, kijana anaweza kuomba viza ya mwanafunzi, lakini viza ya kazi ya aina ya H au L na ukaazi wa kudumu hapati mpaka akae nyumbani miaka miwili.