Jenereta kubwa la petroli na gesi kwa ajili ya nyumbani, maoni yangu baada ya masaa 300

Nimekaa na hili jenereta mwaka na miezi kadhaa sasa, mita yake ya masaa imeshapita 300, kwahiyo nadhani naweza kuliongelea bila kubahatisha. Ni lile la mafuta aina tatu, yani linakula petroli, linakula gesi ya mtungi, na linakula gesi ya bomba kama unapokaa ipo. Fremu wazi, matairi mawili, lina selfu ya betri na kamba ya kuvuta. Kampuni sitaitaja maana karibu yote ninayosema yanahusu majenereta yote ya saizi hii, na nataka mtu ajue ananunua nini badala ya kukimbilia jina.

Nalipenda, hilo niseme kabisa. Ila nilinunua kwa kuangalia namba ambayo sio, na hicho ndo kimenifanya niandike.

Kwenye boksi imeandikwa wati 11,500, maandishi makubwa unayasoma ukiwa upande wa pili wa duka. Hiyo ni nguvu ya kuanzishia tu, sekunde chache pale mota inaposhtuka kuwaka, alafu basi. Nguvu ya kukaa nayo muda wote ni wati 9,000. Na hiyo 9,000 ni kwa petroli! Ukihamia gesi ya mtungi inashuka mpaka 8,100, ukihamia gesi ya bomba inabaki 7,000. Haya niliyakuta kwenye kijitabu, ukurasa wa ndani, vimaandishi vidogo, nimeshalipa na nimeshafika nalo nyumbani. Na wala sio kasoro ya jenereta langu, gesi ndo ilivyo kwenye injini iliyoundwa kwa petroli: inaingia kwenye silinda ikiwa tayari imejaa nafasi yake, inaisukuma hewa pembeni, hewa ikipungua na nguvu inapungua. Gesi ya bomba ndo inachukua nafasi kubwa zaidi. Kwa hesabu ya haraka toa kama asilimia 10 ukitumia mtungi na asilimia 20 mpaka 25 ukitumia bomba. Kwahiyo kama unajua kabisa kwamba utaliendesha kwa gesi, namba ya petroli ifute kichwani kwako na usimruhusu muuzaji airudishe.

Wale mnaokaa sehemu za juu kuna makato mengine tena, kila mita 300 kutoka usawa wa bahari unapoteza kama asilimia 3 kwasababu hewa huko ni nyepesi. Ukiwa mita 1,500 hiyo ni kama asilimia 15 imeondoka kabla hujawasha hata taa moja. Na kama limeandikwa kVA badala ya kilowati, zidisha kwa 0.8 ndo upate kitu cha kupigia hesabu, kVA 10 ni kama kilowati 8.

Sasa saizi. Watu wengi wanajumlisha kila kitu chenye plagi ndani ya nyumba wanapata namba ya kutisha wanaenda kununua dude ambalo halihitajiki. Mi nilimwita fundi umeme akaweka klampu mita (kipimo kinachobana waya na kusoma umeme unaopita) kwenye waya mkuu jioni, kila mtu yuko nyumbani, na matumizi yetu ya kawaida yalikua kama wati 2,500, yakipanda sana 3,500. Kinachokuja kukusumbua ni mota. Friji inayokula wati 150 ikishawaka inaweza kuvuta mara tatu mpaka sita ya hapo pale kompresa inapoanza. Pampu ya maji ya hp 1 unaambiwa ni wati 746, lakini hiyo ni kazi inayotoka kwenye mota, umeme inaokula ni zaidi ya 1,000, na kuanza inaweza kudai 3,000 na kitu kwa muda mfupi. Ndo unasikia jenereta linaguna taa zinafifia. Kwahiyo hesabu yako iwe hivi: vitu vyote vinavyowaka kwa pamoja, ongeza mota moja kubwa kuliko zote inapoanza, na hiyo jumla isizidi namba ya mafuta utakayotumia. Vitu vya kupasha moto kama hita ya maji ya kuoga na pasi, hivyo vipange zamu, ukiviwasha pamoja havikuachii kitu.

Je la kwangu ni kubwa mno? Mchana hapana, usiku ndio. Injini ya namna hii inapenda kubeba nusu mpaka robo tatu ya uwezo wake. Usiku wa manane, taa mbili na friji, bado inazunguka kwa kasi ile ile maana lazima iwe mizunguko 3,000 kwa dakika ili utoke umeme wa hezi 50 (kwa hezi 60 ni 3,600), inakunywa zaidi ya lita moja ya petroli kwa saa kwa kazi ambayo betri ingeifanya kimya kimya. Mwanzoni nililiacha usiku kucha siku tatu mfululizo na mafuta yaliyoondoka yaliniuma mpaka leo. Siku hizi naliwasha masaa matatu jioni na mawili asubuhi, hapo pampu inajaza tangi, friza inaganda vizuri, betri za invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) zinajaa, alafu nazima, usiku tunakaa kwa invata. Kama bado hujanunua na hela inabana, bora uchukue jenereta dogo kidogo na invata yenye betri kuliko jenereta kubwa peke yake, hilo nalisema bila wasiwasi wowote.

Haya, kwanini nilitaka la mafuta matatu na sio la petroli tu? Kwasababu petroli inaoza. Nilikua na jenereta dogo kabla ya hili, likakaa miezi sita na petroli ndani ya tangi, siku umeme umekatika kweli linavutwa mpaka bega linauma haliwaki, fundi kufungua kabureta akakuta gundi ya kahawia imeziba tundu zote. Petroli ikikaa miezi mitatu minne bila dawa ya kuitunza inaanza kuharibika. Gesi ya mtungi ukiifunga vizuri leo ukaifungua baada ya miaka mitano bado ni ile ile. Na kingine watu hawakifikirii, umeme ukikatika eneo kubwa hata kituo cha mafuta pampu zake zinahitaji umeme, vinavyobaki vinafanya kazi vina foleni. Ukiwa na mitungi miwili imejaa huna haja ya kwenda kushindana.

Ila gesi nayo ina mambo yake na hakuna aliyeniambia dukani. Ukiwa na mzigo wa kilowati 4.5, yani nusu ya ile 9,000 ya petroli, linakula kama kilo 1 na robo tatu ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 15 unakupa masaa nane hivi na mtungi wa kilo 6 masaa matatu, hapo ukidhani utaisha wote, na hautaisha. Usiku wa kwanza nilifunga mtungi mdogo, baada ya kama dakika 40 injini ikaanza kupanda na kushuka, inanguruma inazimika nusu inarudi, nikadhani ni gavana, kile kifaa kinachotunza kasi ya injini. Kuangalia mtungi umevaa barafu nusu ya chini. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, ili igeuke kuwa gesi inahitaji joto, na joto hilo inalichukua kwenye ukuta wa mtungi wenyewe, ukiivuta kwa kasi kuliko mtungi unavyopokea joto kutoka hewani mtungi unapoa mpaka unashika barafu na presha inaanguka. Dawa yake ni mtungi mkubwa, au mitungi miwili inayolisha kwa pamoja kupitia kiunganishi maalumu. Usiulaze mtungi, kimiminika kitaingia kwenye regulata, kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi. Na usithubutu kuupasha kwa moto, tafadhali sana.

Kama mtungi wako umejaa butane nyingi na unakaa sehemu ya baridi utapata shida zaidi, butane inaacha kuchemka kwenye nyuzi kama sifuri, propane inaendelea mpaka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa bomba tatizo ni lingine, presha yake ni ndogo sana kwahiyo bomba jembamba au refu kupita kiasi linanyima injini gesi, mwite fundi wa gesi apige hesabu ya bomba na jiko na hita kwa pamoja. Hii sio kazi ya kujifanyia.

Ubora wa umeme. Jenereta langu ni la kawaida lenye AVR (kifaa kinachotuliza volti), sio lile la invata linalosafisha umeme wake kwa elektroniki kabla ya kuutoa, na mara ya kwanza UPS ya kompyuta, yani kile kiboksi cha betri cha akiba, ilikua inalia tik tik tik inakataa kabisa kupokea umeme wake. Wimbi la umeme linakua na makunyanzi, wenyewe wanaita THD, kwenye majenereta ya invata huwa chini ya asilimia 5 na kwenye haya ya kawaida inaweza kupita 20. Friji na pampu hazijali sana, vifaa vyenye chaja na bodi za elektroniki vinajali. Uliza THD kabla ya kulipa, muuzaji akisema hajui mwambie afungue kijitabu. Nilitatua kwa kubadilisha UPS kuwa ya aina inayotengeneza umeme wake upya muda wote, ila ningejua mapema ningetafuta jenereta lenye THD ndogo hata kama nguvu ni pungufu.

Kelele ipo. Ukiwa mita saba unalazimika kupaza sauti. Kwa gesi inakua tulivu kidogo tu, usinunue kwa kutegemea hilo, waambie majirani mapema na kubaliana nao masaa.

Kuunganisha na nyumba hapa sitaki mchezo. Kuna watu wanatengeneza waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta upande mwingine kwenye soketi ya ukutani. Huo umeme unatoka nje ya nyumba, unapita kwenye transfoma kinyume, volti 230 zinageuka kuwa maelfu, na fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa anapigwa. Pia ukirudi umeme wa kawaida jenereta lako linaweza kuungua hapo hapo. Weka swichi ya chenjiova, ya mkono inatosha kabisa, inayofanya isiwezekane umeme wa jenereta na wa laini kuingia nyumbani kwa pamoja. Na fundi akifika muulize jenereta lina nyutro (waya wa kurudisha umeme) inayoelea, yani haijaunganishwa na fremu, au iliyofungwa kwenye fremu, maana ikigongana na ethi (waya wa ardhini) ya nyumba zile swichi za kinga zitakua zinajikata bila sababu unayoiona.

Na moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, mtu anaumwa kichwa analala na haamki. Jenereta likae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi iangalie mbali na madirisha, na hapo ni pamoja na madirisha ya jirani. Gereji yenye mlango wazi sio nje. Baraza sio nje. Gesi inatoa moshi usioonekana lakini sumu hii ipo vile vile, mtu asikudanganye kwamba gesi ni safi unaweza kuliweka karibu. La kwangu lina sensa inayolizima lenyewe sumu ikijaa, na bado nimeweka kengele zake ndani karibu na vyumba vya kulala. Mvua ikinyesha nina kibanda kidogo cha bati bila kuta, hakina gharama ya maana na nafsi inatulia.

Matunzo hayana mengi, oili ya kwanza mwaga baada ya masaa 20 hivi maana inatoka na vumbi la chuma la injini mpya, baada ya hapo kila masaa 100 au kama kijitabu kinavyosema. Kwa gesi oili inakaa safi muda mrefu, nimeona kwa macho yangu, ila masaa yakifika nabadilisha tu.

Kitu cha mwisho nilichokua nakidharau wakati nanunua ni selfu. Injini ya cc zaidi ya 400 kamba yake ni nzito, sio kila mtu nyumbani ataivuta, na kama betri ya selfu imekufa basi jenereta ni la mtu mmoja tu mwenye mikono. Kila mwisho wa mwezi naliwasha dakika 20 kwa gesi likiwa na mzigo, betri inachajiwa, petroli haigusi kabureta. Alafu nimeandika hatua kwa mkono, fungua mtungi, geuza kitasa upande wa gesi, bonyeza selfu, subiri dakika mbili, ndo ugeuze chenjiova, nikaibandika karatasi pembeni ya swichi. Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa safarini, mama yangu ana miaka 68, kaliwasha mwenyewe kwa kufuata ile karatasi, akanipigia simu kuniambia maji yanapanda kwenye tangi.