Hedifoni za kukunjwa na zisizokunjwa: zipi zinadumu?

Hedifoni za kukunjwa huingia begini bila shida, ila udhaifu wake uko palepale zinapokunjwa. Bawaba ndogo ya plastiki hubeba mkazo wote wa upinde unaobana kichwa. Zangu zilianza na ufa mwembamba kama unywele kando ya skrubu. Wiki mbili baadaye upande wa kulia ukawa unaning'inia kwa waya tu. Nilitia gundi, haikushika hata siku moja, maana kila ukizivaa pale panavutwa upya.

Zisizokunjwa, zenye upinde wa chuma cha springi, hazina kiungo hicho. Zinakula nafasi, kweli, lakini chuma hupinda kikarudi, na mimi nafasi hiyo naitoa kwa moyo mmoja. Nyingine hata kukarabati ni rahisi: Sennheiser HD 25, iliyotoka mwaka 1988, karibu kila kipande chake hubadilishwa, kuanzia waya hadi spika.

Mito ya ngozi bandia hubanduka kote kuwili. Jasho na unyevu havibagui. Kabla ya kununua, hakikisha inachomoka kwa mkono na inauzwa peke yake.